Baba wa meno ya papa: Mbongo wa Florida, binti wa Lindi na mikebe ya kahawa

Ukitaja Venice watu wengi wanafikiria Italia, mitumbwi na wapenzi wanaopigana picha. Kuna Venice nyingine, mji mdogo wa pwani upande wa magharibi wa jimbo la Florida, Marekani, ambao umejipachika jina la makao makuu ya meno ya papa duniani. Si maneno matupu. Mchanga wa fukwe zake, hasa Caspersen, una rangi ya kijivu iliyochanganyika na vitone vyeusi, na vingi kati ya vitone hivyo ni meno. Si ya papa waliokufa juzi. Ni meno ya mamilioni ya miaka, yaliyogeuka mawe.

Kwenye mji huo anaishi jamaa mmoja wa Lindi. Jina tuliache, maana makaratasi yake hayajakaa sawa na wadau walioko majuu wanajua hiyo lugha. Aliondoka Bongo mwaka 2007 kwa viza ya kutembea, akaacha mke na mtoto wa kike wa miaka minne. Mpango ulikuwa miaka miwili tu: kubeba maboksi, kujenga, kurudi. Viza ikaisha, miaka miwili ikawa mitano, mitano ikawa kumi na saba. Mke walishaachana kwa simu, naye akaolewa Mtwara. Mtoto akabaki kwa bibi yake mzaa baba, Lindi mjini.

Jamaa hakujilipua wala hakuoa Mmarekani wa makaratasi. Alifanya kazi tu. Kwanza jikoni kwenye mgahawa, baadaye chumba cha kufulia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako mpaka leo anakunja mashuka. Florida haitoi leseni ya udereva kwa mtu asiye na kibali cha kuishi nchini, kwa hiyo usafiri wake ni baiskeli. Na baiskeli ndiyo iliyomfikisha kwenye meno, maana pembeni ya mfereji unaopita Venice kuna njia ya lami ya waenda kwa miguu na baiskeli, na njia hiyo ukiifuata mpaka mwisho inakutema Caspersen.

Mwaka 2009, siku yake ya mapumziko, alimkuta bibi wa Kizungu ameinama majini, maji yanampiga tumboni, anachokora chini. Akadhani kapoteza pete. Akavua viatu aingie kumsaidia kutafuta. Yule bibi akafungua kiganja: vijino saba vyeusi vinang'aa kama vimepakwa rangi ya kiatu.

Sasa huyu ni mtoto wa mvuvi. Kwao Lindi papa ni kitoweo. Anakatwa, anatiwa chumvi, anaanikwa, halafu anapikwa kwa nazi na nyumba nzima ya jirani inajua leo mmekula nini. Ini lake linatolewa sifa, yale mafuta ya kupaka majahazi yanayonuka mpaka yanakufuata ndotoni. Mapezi yana mnunuzi wake. Meno? Meno yanatupwa na kichwa. Marehemu baba yake alikuwa anayatupa kwa ndoo. Na hapa mwanamke mtu mzima, mwenye gari zuri limeegeshwa juu pale, anaokota vijino saba na kufurahi kama kaokota dhahabu.

Alicheka. Jumapili iliyofuata akarudi kutafuta na yeye.

Kwa asiyejua, siri iko hivi. Papa hana mifupa. Mwili wake umeshikiliwa na gegedu, kitu laini kama hiki kilichoko kwenye sikio lako, na papa akifa gegedu huoza na kupotea. Kinachobaki ni meno. Na meno anayo ya kumwaga. Yamepangwa kwa mistari mdomoni, la mbele likidondoka la nyuma linasogea kushika nafasi, na mchezo huo unaendelea maisha yake yote. Papa mmoja anaweza kudondosha maelfu kwa maelfu. Jino likizama kwenye matope ya chini ya bahari na kufunikwa haraka, madini yaliyomo kwenye matope yanaliingia taratibu mpaka linakuwa jiwe lenye umbo lile lile la jino. Rangi inategemea lilikolala. Florida ya upande ule imejaa fosfeti, ile inayochimbwa kutengenezea mbolea, ndiyo maana meno yake mengi ni meusi. Na kwa kuwa bahari huko nyuma ilishawahi kuifunika nchi yote ile, meno yako ufukweni, yako chini ya maji, na yako hata mtoni ndani kabisa ya nchi kavu.

Vifaa ni vya kawaida tu. Kuna kikapu cha waya chenye mpini mrefu ambacho wenyeji wanakiita koleo la theluji la Florida, utani wa watu ambao theluji wanaiona kwenye televisheni. Unachota kokoto pale mawimbi yanapovunjikia, unatikisa, mchanga unatoka, unaangalia kilichobaki. Wenye haraka hawapati kitu. Jicho linatakiwa lizoee kutofautisha kipande cheusi cha kombe na jino, na kinacholitofautisha jino ni mng'ao wake na ile pembetatu. Jamaa alichukua kama miezi mitatu kabla jicho halijafunguka. Baada ya hapo akawa anayaona hata akiwa amesimama. Akajua la yule wanayemwita papa wa ndimu, jembamba lenye mzizi uliokaa kama herufi T. Akajua la yule wanayemfananisha na simbamarara, limepinda upande mmoja kama jogoo amegeuza kichwa. Akajua Hemipristis, papa ambaye spishi yake ya zamani imetoweka, mwenye meno ya juu yenye misumeno mikubwa pembeni utadhani kisu cha mkate.

Na akajua habari ya yule mkubwa. Megalodon. Walioangalia filamu ya The Meg ya mwaka 2018, ile ya Jason Statham, wanamjua kwa sinema. Mwenyewe hayupo tena; alitoweka kama miaka milioni 3.6 iliyopita, na wanaosema bado amejificha chini ya bahari wanauza sinema. Lakini alikuwepo kweli. Wataalamu wanataja urefu wa zaidi ya mita 15, yaani basi la mkoani likae pembeni. Jino lake kubwa kabisa linafika sentimita 18. Ufukweni mara nyingi unaokota vipande tu. Mazima wanayapata wapiga mbizi huko nje baharini, kwenye maji yenye ukungu ambako huoni mkono wako mwenyewe, au watu wa mtoni.

Zawadi ya kwanza ilikwenda Lindi mwaka 2010. Kuna Mbongo wa Tampa alikuwa anarudi kuoa, jamaa akampa viatu vya shule, simu ya bibi na bahasha ndogo yenye meno manne, kaandika juu: "Ya mama." Binti amepewa jina la bibi yake, kwa hiyo baba anamwita mama, kama ilivyo ada.

Huku nyumbani mambo hayakwenda alivyodhani. Bibi kufungua bahasha kakuta meno. Meusi! Mwanawe yuko nchi ya watu, hajarudi, na sasa anatuma meno. Akampigia simu saa nane usiku ya Florida: "Mwanangu, nani kakupa hivi vitu, na ulivishika kwa mkono gani?" Jamaa akaeleza mpaka vocha ikaisha. Bibi akayatia kwenye kikombe cha chumvi siku tatu, akayasomea, ndipo akamkabidhi mtoto.

Usimcheke bibi. Wakubwa wa Ulaya walifanya yale yale. Karne nyingi waliyaita mawe ya ulimi, wakaamini yanazuia sumu, wakawa wanayatumbukiza kwenye vikombe vya mvinyo kabla ya kunywa. Mrumi mmoja, Pliny, aliandika kuwa yanadondoka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa. Kule Malta walisema ni ndimi za nyoka zilizogeuzwa mawe na Mtume Paulo. Ilipofika mwaka 1666 wavuvi wakakamata papa mkubwa karibu na Livorno, Italia. Mtawala Ferdinando II wa ukoo wa Medici akaamuru kichwa kipelekwe Florence kwa daktari Mdenmaki, Nicolaus Steno. Steno akakipasua, akaangalia meno, akaangalia yale mawe, na mwaka 1667 akachapisha hoja yake: haya ni meno ya papa, na kama yako ndani ya miamba, basi miamba hiyo zamani ilikuwa matope ya chini ya bahari. Leo hilo jambo linaonekana dogo. Wakati ule lilikuwa linapindua vichwa vya watu, na sayansi ya miamba imesimama juu ya hoja kama hizo.

Habari hii ya Steno jamaa aliipata kwa rafiki yake, mwalimu mstaafu wa Kimarekani, mzee wa miaka sabini na kitu, mjane, mwenye mtumbwi na hana wa kwenda naye. Walikutana ufukweni. Kiingereza cha jamaa kilikuwa cha jikoni, cha mzee kilikuwa cha darasani, wakaelewana hivyo hivyo. Mzee ndiye aliyeanza kumpeleka mto Peace, upande wa Arcadia, kwa gari lake.

Mtoni ni mambo mengine. Unaenda wakati wa kiangazi chao, kuanzia Desemba mpaka Mei hivi, maji yakiwa chini. Unashuka kwenye maji, unachimba kokoto kwa koleo, unaweka kwenye chekeche, unasuuza. Mamba wa kule wapo, wamelala ukingoni, na watu wanachimba tu huku wanawatupia jicho. Kwenye chekeche kinatoka kila kitu: meno ya papa, meno ya farasi wa kale, vipande vya tembo wa zamani, na mbavu. Mbavu nzito, nene, zinatoka kwa wingi kuliko mifupa mingine. Mzee akamwambia ni za mnyama wa baharini anayekula majani, akamtafutia picha kwenye simu.

Jamaa akaangalia picha. "Huyu ni nguva!"

Nguva wa Rufiji na Kilwa, yule ambaye baba yake alimsimulia tu kwa sababu hata enzi zake alikuwa ameshaanza kuadimika. Mbavu zake zimejaa kwenye mto wa Florida, na kwao amebaki wa kuhesabu.

Ile mbavu aliitamani kuliko jino lolote. Lakini sheria ya Florida iko hivi: mifupa ya kale ya wanyama wenye uti wa mgongo, ukiiokota kwenye ardhi au mto wa serikali, unatakiwa uwe na kibali kutoka makumbusho ya chuo kikuu cha jimbo kule Gainesville. Ada yake ni ndogo sana. Meno ya papa yamesamehewa, hayahitaji kibali. Mzee anacho kibali cha kwake, akamwambia na wewe chukua, ni kujaza fomu tu, jina na anwani.

Jina na anwani. Mtu ambaye miaka yote hiyo hajaandika anwani yake kwenye karatasi ya serikali yoyote kama angeweza kuikwepa. Pengine asingefanywa kitu. Ni watu wa makumbusho, wanataka kujua mifupa imepatikana wapi, basi. Lakini woga wa mtu asiye na makaratasi hauangalii ofisi ni ya nani. Kwa hiyo mpaka leo, mbavu ya nguva ikitokea kwenye chekeche lake, anaishika kidogo, anaigeuza, anairudisha majini. Anachukua meno peke yake. Mzee zamani alikuwa anamshangaa. Siku hizi hasemi kitu.

Nyumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mhaiti, meno aliyapanga kwenye mikebe ya kahawa. Mazuri kabisa aliyatenga kwa ajili ya Lindi. Kila mtu akisafiri, bahasha. Mwaka 2011 mbili, 2012 mbili, 2013 moja. Binti aliyahifadhi kwenye kopo la Blue Band. Baada ya hapo akaanza kukua, akawa anaomba simu, viatu vya mtindo fulani, baadaye ada ya chuo cha uhasibu. Meno hakuyataja tena na baba hakuuliza. Alidhani mtoto kakua tu.

Lindi na mifupa ya kale ni ndugu, watu wamesahau. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mijusi mikubwa kule Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa vichwani na mabegani na watu wa huko, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini, ikapakiwa melini. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin mpaka leo, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Babu mzaa baba wa huyu jamaa alikuwa anasimulia kuwa baba yake alibeba. Jamaa alipomweleza mwalimu mstaafu habari hiyo, mzee akanyamaza muda, kisha akasema kwa hiyo ninyi mlituma mifupa Ulaya, na wewe sasa unairudisha kwa bahasha. Jamaa akamjibu kwamba kwa mwendo wa bahasha, tani 200 zitamchukua muda.

Aprili 2024, maji ya mto yakiwa chini kabisa, chekeche lake likatoa jino la megalodon. Zima. Sentimita 11 na ushee, rangi ya kijivu kama chuma, misumeno ya pembeni bado inakwaruza kidole. Mzee alipiga kelele mpaka ndege wakaruka mitini. Yeye amechimba mto ule miaka ishirini na hajawahi kupata la namna hiyo.

Na mwezi uliofuata binti akaposwa.

Hapa wenye ndugu majuu na wenyewe majuu wote mnajua kinachofuata. Vikao. Kundi la WhatsApp. Ahadi. "Baba yake yuko Marekani" maana yake gauni mbili, ukumbi wenye kiyoyozi na ng'ombe, siyo mbuzi. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyesimama kama baba miaka yote hiyo na hana ubaya wowote, alimwandikia ahadi ya milioni tatu bila kumuuliza, halafu akampigia simu kumpa hongera. Jamaa akakusanya. Ilipofika Septemba alikuwa amebakiza kama laki tisa. Na kuna mfanyabiashara wa visukuku aliyeliona lile jino kwenye simu ya mzee, akatoa dola 350. Kwa hesabu za wakati ule, laki tisa ile ile.

Bei hizo ni za kawaida. Vijino vidogo havina thamani ya maana, vinauzwa kwa mafungu kama karanga. La megalodon ndilo linaanza kuongelewa, na bei inapanda kwa ukubwa na usafi wake. Makubwa yasiyo na kasoro yanafika maelfu ya dola. Ndiyo maana sokoni kuna ya bandia, na kuna yaliyovunjika yakazibwa kwa gundi na kupakwa rangi. La jamaa lilikuwa halijaguswa. Pengine 350 ilikuwa chini ya haki yake, lakini mtu asiye na makaratasi hapigi kelele na mnunuzi.

Kaka yake alimwambia auze. "Jino, bwana mdogo! Watu wanataka wali, wewe una jino." Mhaiti mwenye nyumba alimwambia auze. Hata mzee, kwa sauti ya chini, alimwambia auze, litatafutwa jingine, ingawa wote wawili walijua jingine halipo.

Hakuuza. Tarehe 9 Oktoba kimbunga Milton kikatua Siesta Key, si mbali na Venice, na kuacha pwani yote ile imejaa vifusi, mbao, makochi na mchanga sebuleni mwa watu. Kwa wiki tano jamaa alikuwa anakunja mashuka mchana na jioni anabeba vifusi kwa malipo ya siku. Laki tisa ilipatikana kwa mgongo. Jino lilifungwa kwenye soksi, likaingia kwenye begi la mama mmoja wa Tampa aliyekuwa anakwenda nyumbani Novemba.

Kuna aliyemuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Jibu linajulikana na halifurahishi. Sheria ya Marekani inasema aliyekaa zaidi ya mwaka mmoja bila kibali, akitoka tu, anafungiwa mlango miaka 10. Dawa za presha za bibi, ada, bati la nyumba ambayo haijaisha, vyote vinatoka kwenye kile chumba cha kufulia. Akienda harusini, ameenda moja kwa moja. Na ni mtu wa miaka 49.

Nikahi ilifungwa Lindi Ijumaa moja ya Desemba, baada ya Alasiri. Saa kumi jioni huko, saa mbili asubuhi Florida, na yeye yuko zamu. Walii ni baba, na baba yuko mbali, kwa hiyo sheikh alitaka amsikie kwa masikio yake. Simu ikawekwa sauti ya juu. Jamaa alisimama kati ya mashine za kukaushia, mbili zinazunguka na hawezi kuzizima, kidole kimoja kwenye sikio. Sheikh akauliza kama amemuwakilisha kaka yake kumuozesha binti yake. Mtandao ukakatika. Ukarudi. Sheikh akauliza tena. "Nimemuwakilisha!" Alipiga kelele mpaka mwenzake wa Kimexico akaja kuangalia kuna nini. Akasikia watu wanacheka huko Lindi, halafu wanaitikia dua, halafu vigelegele, halafu mashine ikapiga kengele kwamba mashuka yamekauka.

Usiku wake binti alimtumia ujumbe wa sauti. Dakika nne.

"Baba, shikamoo. Jino nimelipokea tangu wiki ile, nilikuwa nasubiri shughuli iishe. Zito! Bibi anasema hili la kusagia dawa. Baba, kuna kitu sijawahi kukwambia. Yale ya mwanzo sina. Nilivyougua ile malaria kali, nikiwa darasa la nne, bibi alisema ni yale meno. Alichukua kopo lote, tukapanda boti la kwenda Kitunda, katikati ya maji akamwaga. Mimi nililia. Akaniambia nisikwambie, utavunjika moyo huko uliko. Ndiyo maana nikawa siulizi tena. Halafu Baba, nikuchekeshe. Shuleni nikiulizwa baba yako anafanya kazi gani Marekani, nilikuwa najibu anang'oa papa meno. Mpaka darasa la tano nilikuwa naamini kabisa."

Siku mbili hakujibu. Kwa mtu anayejibu ujumbe wa Lindi hata akiwa bafuni, siku mbili ni nyingi, na binti akaanza kumsumbua ba'mkubwa wake kwamba baba kakasirika. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anapiga hesabu ya bahasha: zile nne, mbili, mbili, moja. Kama meno sitini. Kila moja anakumbuka kaliokota wapi.

Siku ya tatu akaandika swali moja tu: "Ilikuwa karibu na upande wa mjini au upande wa Kitunda?"

Mzee mwalimu alipohadithiwa alicheka mpaka akatoka machozi. Alisema ipo siku, baada ya miaka isiyohesabika, msomi fulani atachimba pale na kukuta papa wa Florida ndani ya ghuba ya Lindi, na ataandika kitabu kizima cha uongo. Jamaa naye akacheka, safari hii ya kweli.

Binti sasa ni mjamzito, anategemea Septemba. Lile jino liko kwenye meza ya televisheni, kando ya bakuli la sukari, na bibi, ambaye macho yamepungua nguvu lakini mkono haujapungua, akifika hapo huwa analishika kwanza ndipo akae. Hajalitia chumvi. Mkwe anawaonyesha wageni na kuwaambia ni la papa aliyeuawa na baba mkwe, na hakuna anayemsahihisha.

Florida nako mambo yamebana zaidi ya zamani, wenzake wengi wameacha hata kwenda dukani mchana. Jamaa ameanza kuulizia nauli. Anafungua ukurasa wa tiketi usiku, anaangalia Tampa hadi Dar, ya kwenda tu, anafunga. Mpaka mwisho wa mwezi uliopita alikuwa hajakata. Begi kubwa la magurudumu kalinunua, liko chini ya kitanda, na mikebe ya kahawa ameshaijaribisha humo. Miwili imeingia. Wa tatu umegoma.